Stika za Mjomba

Mjomba wangu alikuwa dereva wa matatu ya Nisani, Likoni kwenda Ukunda, na likizo za shule nilikuwa nikimsaidia. Juu ya kioo cha mbele, upande wa ndani, alikuwa na stika ya herufi nyekundu kwenye manjano: "Kama una haraka ungekuja jana." Abiria waliokuwa wakingoja gari lijae waliisoma wakanuna, wakaisoma tena wakacheka.

Uchokozi wa namna hiyo haukuzaliwa ndani ya matatu. Mombasa tumeuvaa kiunoni tangu enzi za bibi zetu. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Biashara Street, ambalo wengi tunaliita Mali ya Abdulla, limekuwako tangu 1887, na Kaderdina ndiye husifiwa kwa kutia majina, yaani misemo, kwenye leso. Mwanamke mwenye neno na jirani hakupiga kelele. Alinunua leso yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mlangoni pa huyo jirani kwenda dukani kununua chumvi. Aliyeguswa aligusika, wala hakuwa na la kushtaki, kwa sababu hakutajwa mtu.

Matatu ilichukua sheria hiyo hiyo. Gari lenyewe liliitwa hivyo kwa nauli yake ya zamani, vipande vitatu vya senti kumi. Miaka ya kwanza lilibeba abiria kwa kujificha, na gari la kujificha haliandikwi kitu. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliamuru matatu ziruhusiwe kubeba watu bila leseni ya uchukuzi. Naamini amri hiyo ndiyo iliyowapa wenye magari ujasiri wa kupaka rangi, kuyapa magari majina, na kusema.

Stika zetu tulizitoa kwa fundi mmoja nyuma ya Mwembe Tayari. Alikuwa na fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi, kimezibwa kote isipokuwa penye herufi. Aliiweka juu ya karatasi ya gundi, akamimina wino pembeni, akauvuta kwa kipande cha raba mara moja tu, kwa mkono usiotetema. Ukirudia, herufi zinanenepa. Karatasi zilianikwa kwa vibanio kama nguo za mtoto, manjano kwanza, kesho yake nyekundu. Harufu ya wino ule ningali nayo puani.

Nilizipeleka stejini nikawauzia makanga. "Abiria chunga mzigo wako" ilitoka kila siku, lakini iliyogombaniwa ni "Kukopa harusi, kulipa matanga." Nilielewa kwa nini. Makanga ni kijana, na kumwambia mama wa makamo mbele ya watu "toa nauli" ni kukosa adabu. Ile methali ukutani ilimfanyia kazi, naye akanyoosha mkono kwa upole, "Mama, tusaidie."

Siku moja aliingia bibi mmoja wa buibui, na kikapu cha madafu. Gari halikujaa. Akainua macho, akaisoma ile stika ya mjomba kwa sauti, polepole, kisha akasema, "Jana nilikuja, mwanangu. Gari lako ndilo lililokuwa halijafika." Gari zima lilicheka, na mjomba akacheka kuliko wote. Jumatatu iliyofuata alinituma kwa fundi na maneno hayo ya bibi yakiwa yameandikwa kwenye kipande cha gazeti. Yakabandikwa kando ya yale ya kwanza, na tangu hapo abiria walisoma swali na jibu.

Kanuni za matatu za Waziri John Michuki zilianza tarehe 1 Februari 2004: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa wafanyakazi, na Nisani zilizobeba watu 18 zikabakia na 14. Mikanda iliokoa watu na siwezi kuilalamikia. Lakini kabla ya kupeleka gari kukaguliwa, mjomba aliogopa kusumbuliwa, akachukua kisu cha jikoni akazibandua stika zote, moja moja, akizilowesha kwa maji ya moto. Juu ya kioo palibaki mistatili miwili ya rangi mpya ya kiwandani, mahali ambapo jua na vumbi havikuwahi kufika. Kwa wiki nzima abiria wa kila siku walikuwa wakiingia, wanatazama pale juu, wanasema wenyewe yale maneno mawili, ndipo wanaketi.