Foleni ya Jumapili

Manung'uniko yalipotokea Yerusalemu juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuteua wasaidizi faraghani. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inatueleza kwamba waliwaita wanafunzi wote, na mkutano ule ndio uliowachagua watu saba. Kanisa lilikuwa bado changa, lakini lilijua tayari kwamba kuchagua ni kazi ya watu waliokutana.

Sisi wa Mapera hatuoni ugeni katika jambo hilo. Wamatengo wa milima hii ya Mbinga walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikula pamoja, na hapohapo wakazungumza ugomvi, mashamba na kazi. Neno lililopita pale, kila mmoja alijua limepita mbele ya nani.

Sanduku la kura, basi, liliwakuta watu waliozoea kukutana. Katika uchaguzi mkuu wa Septemba 1965, chini ya chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea ubunge wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake ya nyumba. Walizunguka pamoja katika mikutano ileile, na asiyejua kusoma aliweza kuchagua. Kwa urais jina lilikuwa moja tu, la Mwalimu Nyerere, na mpiga kura alijibu ndiyo au hapana. Hata hivyo wananchi waliwaangusha baadhi ya vigogo, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, uchaguzi mkuu wa 1995, 2000, 2010 na 2015 ulipangwa Jumapili ya Oktoba. Kwetu huo ni wakati ambao kahawa imekwisha kuvunwa na mvua kubwa hazijaanza. Wengine walipitia kituoni kabla ya ibada, wengine baada ya baraka. Pale tulikutana na jirani zetu Wakatoliki, ambao ndio wengi huku, wote tukiwa na nguo za kanisani. Wazee na akina mama wenye watoto wachanga walipishwa mbele. Tulirudi nyumbani na wino kidoleni, na Jumatatu kidole hicho kilikuwa mazungumzo shambani.

Mwaka 2020 uchaguzi mkuu ulihamia Jumatano, na wengi wetu tunaikumbuka Jumapili ile kwa huzuni. Lakini tuseme kweli. Jumapili ya mwaka 2010, kati ya kila watu 100 walioandikishwa nchini, waliopiga kura walikuwa kama 43 tu. Siku peke yake haileti watu.

Yapo mambo mazito zaidi yanayovunja foleni. Novemba 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa, vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Katika vijiji vingi nchini wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa. Viongozi walipatikana, lakini hapakuwa na aliyepanga mstari. Na Oktoba 29, 2025, siku yenyewe ya kura iliingiwa na ghasia na vifo, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku.

Foleni tunayoikumbuka ilikuwa na mambo mawili: tulikuja hadharani, tukachagua kwa siri. La kwanza lilitukumbusha kwamba sisi ni jamii moja. La pili lilimlinda mnyonge asimwogope mkubwa wake. Sengu ilikuwa na uwazi, lakini haikuwa na kituturi. Aliyewapinga wakubwa alionekana. Na pale penye siri bila kukutana, kila mtu hubaki na hofu yake nyumbani. Tunayahitaji yote mawili.

Ratiba ya uchaguzi wa taifa haiko mikononi mwetu. Uchaguzi wa wazee wa usharika uko mikononi mwetu. Basi tusikubali jina moja lipitishwe kwa makofi eti tunaokoa muda. Tukae baada ya ibada, kila mmoja apewe karatasi yake, mjane na kijana sawasawa na mwenye shamba kubwa, na kura zihesabiwe mbele ya wote. Watoto wetu wakiona hivyo kanisani, watajua wadai nini kijijini.