Jumanne Ina Rangi Gani?

Jumanne yangu ni ya kijani. Msicheke, jamani. Saba ni ya kahawia, na tarumbeta ikilia naona mistari ya njano. Sijavuta kitu, wala sijalogwa. Hali hii inaitwa sinestesia: mlango mmoja wa fahamu ukigongwa, wa pili nao unafunguka.

Washikaji wanasema ni usanii tu, eti nataka kuonekana mshairi. Haya, tusikilize historia, maana walionitangulia nao walidaiwa ushahidi.

Mwaka 1812 daktari Mjerumani, Georg Sachs, aliandika tasnifu kwa Kilatini kuhusu ualbino wake na wa dada yake. Humo humo akadokeza kwamba herufi, namba na siku za juma zilimjia na rangi. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton akachapisha habari za watu wanaoona namba akilini. Baadaye akaonyesha kwamba mambo haya hufuata ukoo, na kwamba kila mtu ana rangi zake. Halafu kimya. Karne ya 20 wanasaikolojia wengi wakataka kinachoonekana kwa nje tu. Jambo ambalo shahidi wake ni wewe mwenyewe, nani alihesabu?

Sasa utapimaje ukweli wa mtu kama mimi? Kwa kumuuliza mara mbili, bwana. Katika utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1993, wenye sinestesia walitaja rangi za maneno, wakaulizwa tena baada ya mwaka: majibu zaidi ya asilimia 90 yalikuwa yale yale. Wasio nayo, baada ya juma moja tu, hawakufika asilimia 40. Mwaka 2002 picha za ubongo zikaonyesha kwamba wenye hali hii wakisikia maneno, sehemu ya ubongo inayoshughulikia rangi nayo inafanya kazi.

Mwandishi Vladimir Nabokov, alipokuwa mtoto, alimlalamikia mama yake kwamba vibao vyake vya herufi vimepakwa rangi zisizo zake. Mama akamwelewa, naye alikuwa na zake. Bahati iliyoje, kuaminiwa nyumbani!

Mtasema Waswahili wote tunasikia harufu, tunasikia baridi, tunasikia njaa. Kweli, lakini hiyo ni lugha, tumeirithi sote. Tamathali nayo mwandishi huichagua. Kijani cha Jumanne mimi sikukichagua.

Na wewe unayeficha zako, ziandike leo, weka tarehe, funga daftari. Mwakani jiulize upya.