Uchipuaji Upya: Istilahi ya Miombo Iliyoungua

Uotaji upya ni istilahi pana: hujumlisha kila njia ambayo mimea hurudi baada ya moto. Katika shamba la mipaini, kama lile la Sao Hill wilayani Mufindi, upana huo hauleti shida. Mpaini aina ya Pinus patula ukiuawa na moto hauchipui tena. Kitakachoota ni mbegu iliyodondoka au mche uliopandwa kwa mkono. Lakini katika miombo ya Kilosa, upande wa Ruhembe na Mikumi, mambo ni mengine, na ndiyo maana tunahitaji istilahi ya pili: uchipuaji upya, yaani kurudi kwa mmea kutoka kwenye mzizi au kisiki kilichonusurika.

Moto wa kiangazi huteketeza nyasi, majani na vishina vyembamba, ila joto lake haliendi mbali ardhini. Fukua kijiti kibichi kilichotokeza baada ya moto: mara nyingi utakuta mzizi mnene kuliko kijiti chenyewe, na shingoni mwake makovu ya vishina vilivyoungua zamani. Hicho si mche, ni chipukizi. Mbegu za miyombo nazo hazikai ardhini miaka mingi zikisubiri. Mvua zikianza huota, la sivyo huharibika. Mkulima wa miwa wa Ruhembe anaijua tofauti hii: miwa huchomwa, hukatwa, kisha mashina yaliyobaki hutoa miwa ya marudio, wala hakuna anayesema shamba limepandwa upya.

Yupo atakayesema mpaka kati ya mche na chipukizi haushikiki, maana mche wa mninga hufa juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa. Ni kweli, lakini hapo ndipo istilahi inapofaa: inatufundisha kuukadiria umri wa mmea kwa mzizi, si kwa kimo. Mwingine atauliza: kama mizizi hustahimili, moto una ubaya gani? Majaribio yaliyoanza mwaka 1933 huko Ndola, Zambia, yalionyesha kuwa kuchoma kila mwaka mwishoni mwa kiangazi huumaliza msitu wa miombo na kuacha nyasi, ilhali kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, huuacha msitu uendelee. Chipukizi linaloungua kila mwaka halipati kimo cha kuuvuka moto.

Kwa hiyo taarifa ya msitu ulioungua itenganishe miche na machipukizi. Machipukizi yakiwa mengi, kazi ni kuyakinga na moto wa Septemba na Oktoba. Yakikosekana kwa sababu visiki na mizizi vimeng'olewa, ndipo itafutwe miche ya kupanda.