Kadhi, Daktari na Hesabu ya Upungufu wa Nguvu za Kiume Kisiwani Pemba

Tafiti za upungufu wa nguvu za kiume aghalabu huanza na takwimu za hospitali, kisha huuliza iwapo tatizo linaongezeka. Kwa Pemba, swali hilo lina mtego. Kabla ya daktari kuuliza, kadhi aliuliza. Na kumbukumbu zao hazihesabu jambo moja. Insha hii inadai kwamba ongezeko haliwezi kuthibitishwa kwa kulinganisha kumbukumbu hizo mbili.

Waislamu wengi wa Pemba hufuata madhehebu ya Shafii, na mahakama za kadhi za Zanzibar, chini ya Sheria ya 1985 na baadaye ile ya 2017, husikiliza mashauri yao ya ndoa. Katika fikihi hiyo, kama ilivyo ndani ya Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki 1277), mke aweza kudai ndoa ivunjwe iwapo mume hawezi kumkurubia. Kadhi humpa mume muhula wa mwaka mmoja. Wanazuoni waliueleza muhula huo kwa majira manne: udhaifu uliosababishwa na joto, baridi, ukavu au unyevu hutarajiwa kuondoka majira yakibadilika. Hata hivyo, mume akishamkurubia mke huyo japo mara moja, dai huanguka. Kwa hiyo mwanamume mwenye watoto, aliyepatwa na udhaifu utu uzimani, hana nafasi katika daftari la kadhi kwa sababu hiyo.

Huyo ndiye hasa anayeonekana hospitalini. Kisukari na shinikizo la damu hudhuru mishipa ya damu na neva. Uvutaji sigara, baadhi ya dawa za shinikizo na msongo wa mawazo huongeza tatizo. Kwa mfano wa Tanzania Bara, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ulikuta zaidi ya nusu ya wanaume waliochunguzwa wana upungufu huo. Kiwango hicho ni cha waliokuja kutibiwa kisukari. Si cha wanaume wote. Aidha, dodoso mashuhuri la maswali matano, lililochapishwa mwaka 1999, huuliza habari za miezi sita iliyopita. Mwanamume aliyeachana na mkewe kwa hukumu ya kadhi, naye hajaoa tena, hana la kujibu.

Tofauti ya pili ni ya shahidi. Mbele ya kadhi, mke ndiye mdai: hali huthibitishwa kwa ikirari ya mume, au kwa kiapo cha mke mume anapokataa kuapa. Katika jalada la hospitali, msemaji ni mume peke yake. Mganga, anayemtibu mtu aliyeaminika kuwa "amefungwa", mara nyingi haandiki chochote.

Neno hanithi, lenye kumaanisha pia tusi, humfanya mgonjwa achelewe kusema. Ucheleweshaji huo una gharama, kwani upungufu huu waweza kutangulia maradhi ya moyo kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mtafiti wa hospitali za Chake Chake, Wete au Mkoani hana budi kubainisha nani aliulizwa, katika kliniki gani, na iwapo mke alisikilizwa, kabla ya kuandika asilimia.