Wasee wa Sagana, Acheni Kununua Lenzi za Simba

Nitasema mapema ndio tusipotezeane muda. Kama uko Sagana, Karatina, Kerugoya ama Nyeri, na ndio umeanza kupiga picha, pesa zako za kwanza zisiende kwa ile lenzi ndefu ya 70-300. Najua ukiibeba unakaa mtu wa maana. Lakini hiyo ni lenzi ya simba, na hapa stage ya Sagana hakuna simba. Kuna ruracio, kuna mahafali, kuna harusi ya kanisani na mama wa nyanya pale Kagio. Kazi hiyo inataka zumu fupi ya kila siku, ile inaanzia upana wa chumba na kuishia kwa uso wa mtu. (Ni kuzumu, si kuzimu. Tuendelee.)

Sasa mbona kila mtu anatamani ile ndefu? Mimi naona jibu liko kwa historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilifanyika hapa hapa kwetu.

Tarehe 5 Februari 1952, binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, akiwa na miaka 25, alipanda Treetops. Hiyo ilikuwa hoteli ndogo iliyojengwa juu ya mti wa mugumo mwaka 1932, kwenye msitu wa Nyandarua karibu na mji wa Nyeri. Alikuwa na kamera ya sinema mkononi. Akiwa juu ya mti aliwarekodi tembo na wanyama wengine waliokuja kunywa maji. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Habari zilimfikia kesho yake akiwa Sagana Lodge, nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa kama zawadi ya harusi yake ya 1947. Usichanganye, hiyo lodge iko upande wa Nyeri, si hapa kwetu kwa barabara kuu. Baada ya uhuru ikawa mali ya serikali ya Kenya, na leo inaitwa Sagana State Lodge.

Hiyo story imeuzwa kwa watalii mpaka leo, na ndiyo iliipa hii milima yetu sura yake duniani. Angalia vile sura hiyo imepigwa: mpiga picha yuko juu, mbali, amekaa salama kwenye giza, na anayepigwa picha hajui kama anaangaliwa. Kwa tembo hiyo ni sawa kabisa. Tembo haulizwi. Lakini hiyo tabia ya kukaa mbali na kuvuta ndiyo tumeirithi kama picha ya mpiga picha wa kweli, mpaka kijana wa Sagana anaenda sokoni na lenzi ya safari.

Watu wa hapa walikutana na kamera kwa njia ingine. Miezi nane tu baada ya ile ziara, tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa. Mwaka uliofuata, Wakikuyu wengi waliokuwa wanafanya kazi kwa mashamba ya walowezi kule Bonde la Ufa waliambiwa wachukue kadi mpya za utambulisho zenye picha ya uso. Wengi walikataa kupigwa picha, na kukataa kulimaanisha kufukuzwa na kurudishwa upande huu wa mlima. Fikiria cucu wako anakuambia picha yake ya kwanza maishani ilikuwa ya polisi. Treetops yenyewe ilichomwa mwaka 1954.

Halafu kuna picha ambayo kila mtu wa Nyeri anaijua. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa pembeni mwa msitu. Akapigwa picha akiwa amelazwa kwenye machela, mikono imefungwa pingu, na lile koti lake la ngozi ya chui. Serikali ikaichapisha kwa vikaratasi na kuvisambaza ili watu waone kwamba amekwisha. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Hiyo picha haikupigwa kutoka mbali. Mwenye kamera alikuwa amesimama pale pale. Kwa hivyo sitakudanganya ati lenzi fupi inakufanya mtu mwenye heshima. Tofauti ni kwamba Kimathi hangeweza kusema hapana, na mtu wako wa Kagio anaweza. Lakini anaweza tu kama uko karibu kiasi cha yeye kukuona. Ukiwa na 300 ng'ambo ya barabara, umeshamnyang'anya hiyo nafasi kabla hata hujabonyeza.

Tukuje kwa lenzi yenyewe. Kabla ya zumu, lenzi ilikuwa na urefu mmoja. Ukitaka uso uwe mkubwa, unatembea mbele. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa 1943 ambaye video zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 zilishtua dunia, alianza utotoni na Box Brownie, kale kakisanduku ambako hakana lenzi ya kubadilisha. Zumu yake ilikuwa miguu.

Watu wa sinema ndio walianza kupata zumu, kwa mfano Cooke Varo ya 1932. Ndio, mwaka ule ule wa Treetops. Kwa kamera za picha za kawaida za filamu ya milimita 35, ya kwanza kuuzwa ilikuwa Zoomar ya Voigtländer, mwaka 1959, ya 36-82. Halafu 1963, mwaka wetu wa uhuru, Nikon wakatoa 43-86. Hiyo ndiyo nyanya wa lenzi zote za kila siku. Ilisemwa vibaya sana, kwa sababu kuta zilizonyooka zilipinda kwenye picha, lakini watu waliinunua kwa wingi. Walikuwa wamechoka kubadilisha lenzi katikati ya harusi.

Shida yake kubwa kwangu hata si kuta kupinda. Ni ile 43. Ukiwa ndani ya sebule ya watu na mgongo wako uko kwa ukuta, 43 haitoshi kuingiza familia yote. Watengenezaji walichukua miaka mingi kushuka hadi 35, halafu 28, halafu 24. Kwa hivyo ukiangalia namba kwa lenzi, soma ile ndogo kwanza. Hiyo kubwa utajisaidia kwa kupiga hatua mbili mbele. Ukuta nyuma yako hausongi.

Mwaka 2003 Canon wakatoa 300D pamoja na lenzi ya 18-55, na kamera ya dijitali ikaanza kufika kwa watu kama sisi. Usishtuliwe na hiyo 18. Sensa ya kamera hizo ni ndogo kuliko filamu, kwa hivyo kwa Canon unazidisha mara 1.6: unapata kama 29 hadi 88 za zamani. Ni ile ile zumu ya kila siku imebadilisha jina.

Kama uko na 18-55 tayari, kaa nayo kwanza. Kitu itakayokusumbua ni mwanga. Ukivuta hadi 55 tundu lake linabaki f/5.6, na Julai huku kwetu, ile baridi ya gathano na mawingu mazito, ndani ya hema la ruracio saa kumi jioni, f/5.6 inakupa picha zenye chengachenga. Hapo ndipo nasema tafuta ya 17-50 yenye f/2.8 mwanzo mpaka mwisho. Tamron walitoa moja mwaka 2006, na za mitumba bado zinazunguka Nairobi. Ile f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Mara nne, buda.

Mlima nao? Batian ina mita 5,199 na haiendi popote. Amka mapema kabla mawingu hayajaufunika, na 50 itatosha. Ndefu naikubali kwa kazi moja tu hapa, nayo ni wale watu wa rafti pale mtoni, kwa sababu huwezi kusimama katikati ya maji.

Sokoni weka 50, sogea, uliza. "Cucu, naweza kukupiga picha?" Wengine watakataa. Wengine watakuambia ungoje kwanza wapange nyanya.

Na ukienda kununua ya mitumba, washa tochi ya simu upande wa nyuma ya lenzi na uangalie kutoka mbele. Vumbi kidogo si ngori. Lakini ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na unyevu wa huku kwetu utaikuza. Rudisha, hata kama amekupunguzia bei.