Filamu Fupi ya Mwanafunzi: Mtazamo kutoka Bonde la Kilombero

Mwanafunzi wa sekondari wa Ifakara anayekusudia kutengeneza filamu yake fupi ya kwanza hudhani kwamba anaanza jambo jipya kabisa, ambalo wazee wake hawakupata kulifanya. Dhana hiyo si sahihi. Sanaa hii ina zaidi ya miaka themanini katika nchi yetu, nayo ilianza kwa filamu fupi, tena filamu za kufundishia, zilizopita mikononi mwa vijana wa Kiafrika ambao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kazi. Tunaona inafaa historia hiyo ielezwe kwa walimu na wanafunzi, kwa sababu mtindo uliowekwa wakati ule ungali unafuatwa hadi leo, na aghalabu wanaoufuata hawajui ulikotoka.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mpango uliojulikana kwa Kiingereza kama Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Fedha zake nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la Marekani, na mpango wenyewe ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari. Wakuu wake walikuwa Meja L. A. Notcutt, aliyepata kuwa meneja wa mashamba makubwa katika Afrika Mashariki, na G. C. Latham, aliyekuwa ameongoza elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hadi kazi ilipokoma mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35. Zilikuwa za upana wa milimita 16, na sauti haikuwamo katika utepe wa picha bali katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba nao, hivyo picha zile zile ziliweza kusemeshwa kwa Kiswahili mahali pamoja na kwa lugha nyingine mahali pengine. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Vijana wa Kiafrika waliajiriwa Vugiri, wakafundishwa kazi za mitambo na za kusafisha filamu, na wengine wakaigiza mbele ya kamera. Hao ndio wanafunzi wetu wa kwanza wa sinema. Majina ya Notcutt na Latham yamo katika kila kitabu kinachotaja habari hizi, lakini majina ya vijana hao ni shida kuyapata. Mambo ya kusimulia yaliamuliwa na wakuu wao.

Na mambo yenyewe yalikuwa ya namna gani? Tuchukue mfano wa filamu iliyohusu benki ya akiba ya Posta. Watu wawili wanapata fedha. Mmoja anazifukia ardhini, zinaibwa. Mwenziwe anaziweka Posta, zinasalimika. Hadithi ndiyo hiyo tu. Yuko mjinga na yuko mwerevu, na mwerevu ni yule aliyefuata ushauri wa serikali. Haulizwi yule aliyefukia fedha zake kwa nini hakuiamini Posta, ingawa mtu aliyekwisha kutozwa kodi ya kichwa na serikali hiyo hiyo huenda alikuwa na sababu zake. Tumekaa na mfano huu kwa kuwa ndio mama wa filamu nyingi zilizofuata, zikiwemo zile zinazotengenezwa shuleni siku hizi kuhusu usafi wa vyoo, utoro na mimba za utotoni. Badilisha Posta uweke kitu kingine, mjinga na mwerevu wangali pale pale.

Vita vilipoanza mwaka 1939 Waingereza walianzisha Idara ya Filamu ya Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya nchini Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya haraka. Kwa hiyo kila picha ikae muda mrefu, kamera isiyumbeyumbe, na mambo yafuatane moja baada ya jingine bila kuruka. Maofisa wa sinema walipenda kuthibitisha jambo hilo kwa visa viwili. Cha kwanza ni cha mbu. Watazamaji walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, wakasema kwamba ugonjwa huo hauwahusu, kwani kwao hakuna mbu wakubwa kiasi kile. Cha pili ni cha kuku. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi wa mazingira, na walipoulizwa wameona nini wakajibu kwamba wameona kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba mlikuwa na kuku. Walipoipitia picha kwa picha wakamkuta kweli, akikatiza pembeni kwa nukta moja hivi.

Wataalamu wa historia wameonyesha kwamba kisa cha mbu kilikaririwa kutoka koloni hadi koloni kama ngano, kila msimulizi akikihamishia kwake. Cha kuku twaweza kukisadiki, ila hatuoni kwa nini kiwe ushahidi wa ujinga. Mtu aliyemwona kuku ambaye mpiga picha mwenyewe hakumwona ana jicho kali, na angefaa kuajiriwa.

Kwa watu wa Bonde la Kilombero kisa cha mbu kina ladha ya pekee. Hapa mbu si mgeni wala habari zake hazihitaji kukuzwa. Mwaka 1957 taasisi ya tiba ya nchi za joto ya Basel, Uswisi, ikiongozwa na Profesa Rudolf Geigy, ilijenga maabara yake Ifakara, na kazi iliyoanzia hapo ndiyo iliyokua ikawa taasisi ya Watanzania inayojulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Katika miaka ya 1990 mradi wa KINET ulieneza katika wilaya za Kilombero na Ulanga chandarua kilichoitwa Zuia Mbu. Wenyeji wamejibu maswali ya watafiti nyumba hadi nyumba, na wamo waliofanya kazi ya kukamata mbu usiku kwa ajili ya sayansi. Kijana wa Ifakara akitaka kuwaonyesha watu hawa filamu ya malaria, ajue kwamba anasema na wajuzi. Filamu ya kuwaambia walale ndani ya chandarua imepitwa na wakati. Yenye maana ingemfuata mkulima hadi shambani, mbali na kijiji, ambako wakati wa kilimo jamaa nzima huhamia na kuishi katika kibanda au dungu miezi kadhaa ili kuwalinda mpunga na ndege, nguruwe na viboko. Chandarua kitafungwaje pale juu? Mtoto akipata homa usiku, zahanati iko umbali gani? Maswali hayo hayamhitaji mjinga wala mwerevu.

Turudi kwenye historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu kadhaa za hadithi kwa Kiswahili, na katika Muhogo Mchungu mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Baada ya Uhuru serikali iliunda kitengo chake cha filamu mwaka 1963, na Kampuni ya Filamu Tanzania ikafuata mwaka 1968. Filamu ya kampuni hiyo iliyovuma zaidi, Fimbo ya Mnyonge, ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1970 kuhusu maskini anayekwenda mjini, akashindwa na maisha ya huko, kisha akapata matumaini katika kijiji cha ujamaa. Lengo lilikuwa la kizalendo na wenye kamera sasa walikuwa wananchi wenyewe. Hata hivyo, mtazamaji makini atautambua ule mpangilio wa Vugiri.

Mpangilio huo ulilegezwa na filamu fupi. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ina dakika 36 tu. Iliongozwa na Nangayoma Ng'oge, Mtanzania aliyesomea sinema Los Angeles, pamoja na Ron Mulvihill, Mmarekani, nayo ilipata tuzo ya filamu fupi katika tamasha la Ouagadougou mwaka huo huo. Mariamu ni mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi kwa jambo lililompata utotoni. Ingekuwa filamu ya Idara ya Makoloni, mganga angekuwa kichekesho. Humu anapewa heshima ya mtu mwenye elimu yake, na hofu ya Mariamu inatazamwa kwa subira hadi tunaielewa. Tunaihesabu kuwa somo bora kuliko vitabu vingi kwa kijana anayeanza.

Zamani kikwazo kilikuwa gharama. Utepe wa milimita 16 wenye urefu wa futi 100 huisha kwa dakika zisizotimia tatu, na ulilazimu kusafishwa maabara kabla mtu hajajua kama amepata kitu. Mwanafunzi alipanga kila picha katika karatasi kwanza. Leo simu hupiga saa nzima bila gharama, na kwa sababu hiyo vijana wengi hurudi nyumbani na picha nyingi zisizo na jambo. Karatasi ingali inafaa.

Tena bonde lina kalenda yake, na mwenye kamera hana budi kuifuata. Mafuriko ya masika hufunika mbuga kati ya Machi na Mei, na hapo ndipo mtumbwi wa Wandamba unapoonekana katika kazi yake halisi. Pantoni ya Kivukoni, iliyozama Januari 2016, haipo tena; mahali pake pana daraja lililofunguliwa mwaka 2018, na watoto wanaoanza shule sasa hawakupata kungojea kuvuka. Waliongojea wapo, wana mengi ya kusema, na wengi wao ni wazee. Mwanafunzi awaache waseme kwa Kindamba, Kipogoro au Kimbunga kama ndiyo lugha inayowatoka vizuri, aandike Kiswahili chini ya picha, na mwishoni aorodheshe majina yao yote.