Haytor: Mwamba Unaoitwa "Tor"

Umesimama mita 457 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa nyanda za Dartmoor, Devon, Uingereza. Wenyeji huita mwamba wa namna hii "tor": rundo la matale lililochomoza kileleni. Ni neno kongwe, lenye asili ya Kiselti. Lakini maana yake hubadilika: katika jimbo jirani la Somerset, Glastonbury Tor ni kilima cha majani kisicho na matale hata kidogo. Wanajiolojia, hata hivyo, wameshika maana ya Dartmoor, na huitumia hata kwa miamba ya Kit-Mikayi karibu na Kisumu, Kenya.

Tazama nyufa za Haytor. Matale haya yaliganda chini ya ardhi miaka ipatayo milioni 280 iliyopita. Maji yalipenya nyufani yakaozesha mwamba. Sehemu laini zilipomomonyoka, mawe magumu yalibaki yamepandana.

Mawe ya hapa yalitumika kujenga Daraja la London lililofunguliwa 1831. Yalisafirishwa kwa reli ya ajabu, iliyoanza 1820: reli zenyewe zilichongwa kwa matale, zikiwa na ukingo wa kushika magurudumu. Bado zimelala majanini. Zifuate kwa miguu, na tafadhali usizing'oe wala kuchora jina lako mwambani.